KUPANDA KWA BEI ZA MAGARI: SABABU ZAKE NA HESABU ZA MNUNUZI

Katika miaka ya karibuni, wananchi wengi, wakiwemo watumishi wa Serikali, wamekuwa wakiuliza kwa nini gari lililokuwa likinunulika kwa akiba sasa halipatikani ila kwa mkopo. Maelezo haya yanaonesha chanzo cha hali hiyo na namna inavyotufikia hapa Visiwani, ambako magari mengi huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani.

Chanzo chake viwandani

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, viwanda vingi vya magari vilifungwa kwa muda, na wenye viwanda walifuta maagizo yao ya chipu, yaani vijipande vya kielektroniki vinavyoongoza injini, breki na taa za gari. Watengenezaji wa chipu wakaelekea kwenye kompyuta na simu, ambazo wakati huo zilitakiwa sana. Mahitaji ya magari yaliporudi mwishoni mwa mwaka huo, viwanda vya magari vilijikuta nyuma ya foleni. Machi 2021, moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha chipu cha Renesas huko Hitachinaka, Japani, na upungufu ukazidi.

Aidha, chipu chache zilizopatikana zilitumika zaidi kwenye magari makubwa yenye faida kubwa, na magari madogo ya bei nafuu yakaendelea kupungua sokoni. Kampuni ya Ford, kwa mfano, iliacha kutengeneza gari dogo la Fiesta mwaka 2023. Nchini Marekani, bei ya wastani ya gari jipya ilikuwa chini ya dola 39,000 mwishoni mwa mwaka 2019. Ilipita dola 47,000 Disemba 2021, na Septemba 2025 ilivuka dola 50,000. Uhaba wa chipu ulipopungua, bei hazikurudi zilikokuwa.

Namna inavyotufikia

Mnunuzi wa gari lililotumika asidhani kuwa bei ya gari jipya haimhusu. Nchini Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, hivyo wenye magari wengi huona afadhali kuuza na kununua jipya. Magari hayo hupelekwa mnadani, na huko ndiko wauzaji wa nje wanakoyapata yale yanayoletwa kwetu, kwa kuwa usukani wake uko kulia kama tunavyohitaji. Lakini gari jipya likiadimika au likiwa ghali, mwenyewe hulipia ukaguzi na kubaki na lake. Magari mnadani hupungua, nayo bei hupanda.

Jambo la pili ni thamani ya fedha. Gari la dola 4,000 hugharimu shilingi 9,200,000 ikiwa dola moja ni shilingi 2,300. Dola ikifika shilingi 2,700, gari lile lile huwa shilingi 10,800,000. Nyongeza ni shilingi 1,600,000, ilhali muuzaji hakuongeza hata senti moja.

Jambo la tatu ni kodi. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 huhesabiwa juu ya thamani inayojumuisha bei ya gari, bima na nauli ya meli. Nauli ikipanda kwa dola 400, ushuru huo nao huongezeka kwa dola 100. Kodi nyingine hufuata juu yake, ukiwemo ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari.

Mambo ya kuzingatia

(i) Kabla ya kutuma fedha, mnunuzi ajue jumla ya kodi kwa kutumia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania. Asitegemee ankara ya muuzaji peke yake.

(ii) Gari kuukuu la bei ndogo linaweza kumaliza akiba kwa kodi ya umri na vipuri. Lilinganishwe kwanza na gari la karibuni zaidi lenye injini ndogo.

(iii) Anayekopa aangalie jumla ya marejesho, si makato ya mwezi tu. Kwa mfano, mkopo wa shilingi 12,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya mkopo wote, hurejeshwa kwa shilingi 17,400,000 katika miaka mitatu. Katika miaka mitano makato ya mwezi hushuka kutoka shilingi 483,000 hivi hadi 350,000, lakini jumla hufikia shilingi 21,000,000. Unafuu huo wa kila mwezi hununuliwa kwa shilingi 3,600,000.

Bei za viwandani na thamani ya dola haziko mikononi mwa mnunuzi. Kilicho mikononi mwake ni hesabu, nayo inafaa ifanywe kabla ya kutia saini, si baada ya gari kufika bandarini.