Je, Kiwanja cha Malori Kitakulipa Kuliko Mahindi?

Wakulima wengine wenye mashamba kando ya barabara kuu wanataka kuacha mahindi na kufanya kiwanja cha kulaza malori. Wameona jinsi malori yanavyolala Busia, upande wa Burumba, na Malaba, yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Jambo hili laweza kumfaa mkulima, na laweza kumharibia shamba. Basi, kabla ya kukata shauri, chukua kalamu na karatasi ufanye hesabu.

Tutumie mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Mahali pake weka zako. Tuseme eka yako moja hukupa faida ya Shs. 60,000 kwa mwaka. Kumwaga murram, kujenga ua, lango, vyoo na bafu, na kuweka taa ni Shs. 1,600,000. Kila lori hulipa Shs. 200 kwa usiku. Mishahara ya walinzi wawili ni Shs. 360,000 kwa mwaka. Maji, taa na matengenezo Shs. 120,000, leseni Shs. 30,000. Matumizi yote ya mwaka ni Shs. 510,000.

Sasa tazama:

Malori 7 kila usiku huleta Shs. 511,000. Hayo hulipa matumizi tu, na mahindi umeyapoteza bure.

Malori 10 huleta Shs. 730,000. Ukitoa matumizi, na faida ya mahindi uliyoyaacha, hubaki Shs. 160,000. Fedha zako zitarudi baada ya miaka 10. Kama ulizikopa kwa riba ya 15 kwa mia, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni Shs. 240,000. Hapo utakuwa unaitumikia benki.

Malori 20 huacha Shs. 890,000, na fedha zitarudi kabla ya miaka miwili kwisha.

Kwa hiyo usiulize kiwanja kitachukua malori mangapi, bali uliza mangapi yatalala siku za kawaida. Usihesabu siku za foleni. Januari 2022 malori yalijipanga maili nyingi kutoka Malaba kwa ajili ya upimaji wa Korona, lakini foleni ile ilikwisha. Tena kumbuka kwamba Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia. Katika kituo cha namna hii lori husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hulikagua hapo. Kazi ya mpaka ikienda upesi, dereva hana haja ya kulala kwako.

Nenda ukahesabu mwenyewe malori yaliyolala katika viwanja vya jirani, usiku mmoja kila wiki kwa miezi mitatu, ukibadilisha siku. Kisha omba ruhusa ya Serikali ya Kaunti ya kubadili matumizi ya ardhi, kwa sheria ya mwaka 2019. Kama mkopo wa shamba lako la skimu haujaisha, uliza kwanza ofisi ya makazi ya ardhi.

Mvua ikikosa mwaka huu, utapanda tena mwaka ujao. Lakini udongo uliofunikwa murram haurudi kuwa shamba kwa msimu mmoja. Hesabu yako ikikosa malori ya kutosha, endelea kulima.