Lugha ya R na Hesabu za Mavuno ya Ziwa Victoria

Katika mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza mjini, Magu na Sengerema hadi visiwa vya Ukerewe, samaki wanaoshushwa kutoka mitumbwini hupimwa na takwimu zao kuandikwa madaftarini. Takwimu hizo ndizo zinazoiwezesha Serikali kukadiria hali ya sangara, sato na dagaa. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake imo Tanzania. Tangu mwaka 2000, nchi tatu zinazolimiliki zimekuwa zikifanya sensa ya pamoja ya wavuvi, vyombo na zana za uvuvi, chini ya uratibu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, Uganda.

Kuandika takwimu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzikokotoa, na huko ndiko makosa mengi hujificha. Kwa sababu hiyo inafaa watumishi na wananchi waelezwe habari za lugha za kompyuta zilizotungwa mahsusi kwa ajili ya hesabu na takwimu, hususan lugha iitwayo kwa herufi moja tu: R.

Lugha hiyo ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata mfano wa lugha ya S iliyobuniwa Marekani katika maabara za Bell. Toleo lake la kwanza lililokamilika lilitoka tarehe 29 Februari, 2000. Hutolewa bila malipo, na ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi hata pasipo intaneti, jambo lisilo dogo kwa ofisi ya kisiwani.

Faida yake huonekana kwa mfano. Uzito wa samaki hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: urefu ukiongezeka mara mbili, uzito huongezeka kama mara nane. Tuchukue, kwa kukadiria tu, kwamba uzito wa sangara kwa gramu ni urefu wake kwa sentimita ukipandishwa kipeo cha tatu, kisha ukazidishwa kwa 0.01. Mwalo umepokea sangara wawili, mmoja wa sentimita 50, ambao ndio urefu wa chini unaoruhusiwa na kanuni, na mwingine wa sentimita 100. Katika R huandikwa hivi:

urefu <- c(50, 100)
uzito <- 0.01 * urefu^3
sum(uzito)

Jibu ni gramu 11,250, yaani kilo 11 na robo. Karani anayefuata njia ya mkato angetafuta kwanza wastani wa urefu, ambao ni sentimita 75, akapata uzito wa samaki mmoja wa namna hiyo, kisha akazidisha kwa mbili. Angepata kilo 8.4 tu. Robo nzima ya mavuno imepotea mezani, wala hakuna aliyeiba samaki. Msomaji ameona pia kwamba majina ya vitu vinavyohesabiwa yameandikwa kwa Kiswahili. Mashine haijali, mradi yasiwe na nafasi katikati.

Jambo la pili ni siku zisizo na takwimu. Ziwa likichafuka au mpimaji akiugua, mstari wa siku hiyo hubaki mtupu. Utupu huo si sifuri. Tuseme mwalo umepokea kilo 120 Jumatatu na kilo 80 Jumatano, na Jumanne hakuna aliyepima. Wastani wa siku zilizopimwa ni kilo 100. Aliyejaza sifuri siku ya Jumanne atapata kilo 67 hivi, na kwa kosa hilo ataripoti kuwa ziwa linakauka samaki. Katika R, siku isiyopimwa huandikwa NA, na lugha hukataa kutoa wastani mpaka mtumiaji atamke wazi kwamba anataka siku hiyo iachwe nje. Wanafunzi wengi huudhika na ukaidi huu mwanzoni.

Wapo watakaosema kwamba majedwali ya kawaida ya kompyuta yanatosha. Kwa orodha fupi yanatosha. Lakini katika jedwali kanuni ya hesabu hufichwa nyuma ya tarakimu, na kidole kikiteleza kanuni hubadilika pasipo mtu kujua. Katika R hatua zote zimo katika maandishi yanayosomeka kuanzia juu hadi chini. Afisa akihamishwa kutoka Sengerema kwenda Bukoba, mrithi wake huyakuta maandishi hayo ofisini, akayaendesha upya na kuona jibu lilivyopatikana. Waliosoma mirathi wataitambua tabia hii: deni la marehemu hutangulia mafungu, na atakayepindua mpangilio huo atawadhulumu warithi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo asili ya neno algoriti, aliweka sehemu kubwa ya mirathi katika kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9.

R haiko peke yake. Python hutumika sana, na Julia, iliyotangazwa mwaka 2012, husifiwa kwa kasi katika hesabu nzito kama zile za mwendo wa maji. Hata hivyo, kwa kazi za uvuvi R imetangulia: kifurushi chake kiitwacho TropFishR, kilichoelezwa mwaka 2017, hukadiria ukuaji na vifo vya samaki kutokana na vipimo vya urefu peke yake, vipimo vilevile vinavyochukuliwa mwaloni.

Anayeanza asikimbilie michoro ya rangi. Achukue daftari la mwezi mmoja la mwalo wake, aingize mistari kumi, atafute jumla na wastani kwa kalamu, kisha aiamuru R ifanye hivyo hivyo. Majibu yakitofautiana, asiendelee na mstari wa kumi na moja mpaka amejua sababu.