Mwaka wa fanfari ya shule: kutembea kwa hatua moja bila bunduki

Tarehe 30 mwezi wa sita, siku ya uhuru, wanafunzi wa shule nyingi za Kongo hupita mbele ya viongozi kwa defile. Ngoma kubwa inapigwa, tarumbeta zinalia, mashati meupe na nguo za buluu zinapita mstari kwa mstari. Kila shule inapita dakika chache tu. Mtu aliyesimama kando ya barabara anaona dakika hizo. Haoni miezi kumi ya kazi iliyozitangulia.

Katika sehemu kama Bendera, kwenye teritware ya Kalemie, miezi hiyo ina maana kuliko defile yenyewe. Bendera iko karibu kilomita 120 kaskazini ya mji wa Kalemie, kwenye barabara ya kwenda Fizi na Uvira. Wengi wanaijua kwa ajili ya mtambo wa umeme wa mto Kyimbi, ambao unaangazia mji wa Kalemie. Wanaosoma historia wanaijua kwa jambo lingine. Tarehe 29 mwezi wa sita 1965, kesho yake ikiwa siku ya uhuru, waasi pamoja na Wakuba waliokuja na Che Guevara walishambulia kambi ya jeshi iliyolinda mtambo huo. Walishindwa, na Wakuba wanne waliuawa.

Tangu wakati ule, watu wa upande huu wa ziwa wameona vikundi vingi vya watu wenye silaha vikipita. Mtoto wa hapa anajua hatua za askari mbele ya kujua kusoma. Ndiyo sababu inafaa kuuliza: shule inapomfundisha mtoto kutembea kwa mstari, inamfundisha nini?

Mwezi wa tisa: kutafuta sikio

Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa. Kila asubuhi wanafunzi wanasimama mistari, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa. Hapo mwalimu wa fanfari anaanza kuchagua watu wake. Hatafuti kwanza mwenye nguvu. Anatafuta mwenye sikio, anayeweza kushika pigo moja bila kukimbia na bila kuchelewa.

Kazi ya kwanza ni ya miguu. Ngoma kubwa inapolia, mguu wa kushoto unagusa chini. Neno hilo ni rahisi kulisema, lakini kulifanya watu arobaini pamoja kunaomba majuma mengi. Anayepiga ngoma kubwa akiongeza mwendo kwa sababu ya furaha au woga, mstari wote unavunjika. Kwa hiyo mara nyingi ngoma hiyo anapewa mwanafunzi mtulivu kuliko wote.

Tarumbeta nazo zina shida yake. Ile isiyokuwa na vifungo inatoa sauti chache tu, na kila sauti inatoka katika midomo ya mpigaji. Mwanafunzi anaanza kwa kushika sauti moja ndefu, siku baada ya siku, mpaka midomo izoee. Akiacha mazoezi kwa mwezi mmoja, anaanza karibu upya.

Mvua na ngozi

Kuanzia mwezi wa kumi mvua zinanyesha katika jimbo la Tanganyika, na zinaendelea mpaka mwezi wa ine. Kiwanja kinakuwa matope. Ngoma za ngozi zinapata unyevu, zinalegea na sauti inakufa. Watu wetu wanajua dawa yake tangu zamani: unaweka ngoma karibu na moto au kwenye jua mpaka ngozi ikaze tena.

Ngozi ikipasuka, ya mbuzi inaweza kuokoa kazi. Lakini tarumbeta iliyotoboka haipati dawa kirahisi mbali na mji. Na feza zinatoka wapi? Tangu 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za serikali. Katika sekondari wazazi wangali wanalipa. Mzazi aliyetafuta kwa shida malipo ya shule, viatu na madaftari anaombwa tena feza ya ngoma. Anayekataa si adui wa muziki.

Mwezi wa pili: siku inayotuhusu

Tarehe 12 mwezi wa pili, dunia inakumbuka watoto walioingizwa katika vikundi vya silaha. Sisi tunaijua habari hiyo. Katika vita ya 1996 na 1997 iliyomuondoa Mobutu, watoto askari waliitwa kadogo, na jina hilo lilienea mpaka Kinshasa. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inakataza kuwaingiza watoto jeshini. Mwaka 2012, Mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kosa la kutumia watoto wenye chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri.

Kijana anavutwa na kikundi kwa njaa, kwa woga, kwa nguvu, lakini pia kwa kutamani nguo moja, jina, na wenzake wa kutembea nao. Fanfari haimpi chakula, wala haizuii vita. Lakini hayo matatu ya mwisho inaweza kumpa bila kumtuma kuua.

Jambo la kale kwetu

Kugeuza hatua za jeshi kuwa muziki si jambo jipya. Kwenye pwani ya Kenya, mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya Beni. Walichukua tarumbeta, nguo na vyeo vya jeshi la wazungu, wakafanya mashindano ya mtaa na mtaa. Baada ya vita ya 1914-1918 Beni ilienea mbali na pwani, hata ikafika katika miji ya Katanga.

Mfano mwingine ni Starehe, shule ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Ilianza kwa kupokea watoto maskini waliokosa pa kukaa. Leo bendi yake inajulikana Kenya nzima. Mtoto aliyepita mjini bila kuangaliwa na mtu, anapita leo na watu wanasimama kumtazama.

Mwezi wa ine mpaka siku ya uhuru

Tarehe 30 mwezi wa ine ni siku ya taifa ya elimu, na hapo shule nyingi zinafanya defile ya kwanza kubwa. Ndipo inaonekana nani alifanya kazi tangu mwezi wa tisa, na nani alikusanya watoto juma lililopita tu.

Desturi hii ya juma moja inaleta hasara. Watoto wanatolewa darasani asubuhi nzima, wanasimama juani, na mwisho wa mwaka wafinalisti wanangojewa na Exetat. Mazoezi ya nusu saa baada ya masomo, mara mbili kwa juma mwaka wote, yanafundisha zaidi na hayaibi hesabu wala Kifaransa.

Kwa hiyo kamati ya wazazi inaweza kuuliza maswali machache mwezi wa tisa, wakati wa mkutano wa kwanza. Vyombo vinalindwa wapi, na nani ana ufunguo? Wasichana wanapiga ngoma na tarumbeta, ao wanawekwa mbele kwa kuonekana tu? Mtoto asiyekuwa na feza ya nguo anaingia? Mkubwa anayemaliza masomo amemfundisha nani nafasi yake?

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa sana. Mwezi wa saba wafinalisti wanaondoka na ufundi wao. Kama hakuna mdogo aliyesimama karibu nao mwaka mzima, mwezi wa tisa ngoma itakuwapo, lakini hakutakuwa mtu wa kuipiga.