Fahamu: Kupanga matokeo ya mechi ni nini?

Kwenye vibanda vya mpira, iwe Sachangwan au Nakuru mjini, penalti yenye utata haikosi wa kupaza sauti: "Mechi imeuzwa!" Mara nyingi refa amekosea tu.

Maana yake

Kupanga matokeo ni mchezaji, kocha, refa au kiongozi wa klabu kukubaliana na mtu wa nje, kwa kawaida mcheza kamari, mechi iishe vipi. Si lazima timu ifungwe. Hata idadi ya mabao huuzwa. Beki akichelewa hatua moja, bao la tatu limeingia, na nani atamnyooshea kidole?

Nchini Kenya

Mfano wa karibu ni Zoo FC ya Kericho. Mwaka 2021 FIFA iliitimua kutoka Ligi Kuu katikati ya msimu kwa kupanga matokeo na kuishusha daraja. Kabla ya hapo, Februari 2020, FIFA ilikuwa imewafungia wachezaji wanne katika kesi iliyohusu klabu ya Kakamega Homeboyz: mmoja maisha, watatu miaka minne.

Hugunduliwaje

Macho ya shabiki hayatoshi. Wachunguzi hufuata pesa: madau makubwa yanayomiminika ghafla kwenye matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia, hasa katika mechi ndogo isiyoonyeshwa hata kwenye runinga.