Nani Anafaa Kushauri juu ya Rehema?

Askari anapomkamata mhalifu, na hakimu anapotoa hukumu, watu wengi hudhani kuwa kazi ya sheria imekwisha. Kumbe bado ipo hatua moja, nayo ni ile ya dola kuitazama upya adhabu yenyewe na kuamua kama itatekelezwa yote, itapunguzwa, au itafutwa kabisa. Jambo hili linawahusu maafisa wanaosoma katika chuo cha ukamanda cha Kimaka, mjini Jinja, kama linavyowahusu askari magereza wa Kirinya katika mji huo huo na polisi wa Mbale. Maana baadhi ya watu ambao kesi zao hufikia hatua hiyo ni askari.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 121, iliunda Kamati ya kumshauri Rais juu ya rehema. Mwenyekiti wake ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na pamoja naye wamo raia sita mashuhuri wanaoteuliwa na Rais kwa muda wa miaka minne. Kwa ushauri wa Kamati hiyo, Rais anaweza kumsamehe aliyehukumiwa, kuahirisha adhabu yake, kuibadili iwe nyepesi zaidi, au kumwondolea yote au sehemu yake.

Katiba haikuishia kusema nani ateuliwe. Ilisema pia nani asiteuliwe. Mbunge hafai, diwani wa wilaya hafai, na mwanachama wa Chama cha Wanasheria cha Uganda vile vile hafai. Sababu zake si ngumu kuziona. Mbunge na diwani hutafuta kura, na huenda jamaa za mfungwa au jamaa za marehemu wakawa ndio wapiga kura wao. Wakili naye huenda aliwahi kumtetea mfungwa huyo huyo. Anayeshauri juu ya uhai na uhuru wa mtu hana budi awe huru na deni la namna hiyo.

Lakini umashuhuri peke yake hautoshi. Mjumbe wa Kamati anahitaji subira ya kusoma jalada lote tangu ukurasa wa kwanza, moyo wa kusikia kilio cha aliyedhulumiwa sawasawa na maombi ya aliyehukumiwa, na uthabiti wa kukataa hongo na ujamaa. Asiye na sifa hizo, hata akiwa na cheo kikubwa namna gani, atageuza rehema kuwa upendeleo.

Nchi jirani nazo zimelitazama jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka kuwapo katika kamati yake, mbali na Mwanasheria Mkuu na waziri anayehusika na magereza, wajumbe wengine wasio watumishi wa umma. Tanzania ilitunga sheria ya bodi za parole mwaka 1994, na mwaka 2016 Augustino Mrema, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliteuliwa kuongoza bodi ya taifa. Nchini Uganda, Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 iliweka njia nyingine iliyo tofauti na rehema: mfungwa anaweza kujipatia punguzo la theluthi moja ya kifungo chake kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema. Punguzo hilo hutokana na jasho la mfungwa mwenyewe. Rehema hutoka kwa Mkuu wa Nchi.

Kwa wanajeshi, liko neno la kukumbukwa. Katiba inasema kuwa hukumu za mahakama za kijeshi nazo zinaweza kuletwa mbele ya Kamati, isipokuwa zile za mahakama ya kijeshi ya medani, yaani ile inayoundwa wakati majeshi yako katika operesheni. Uzito wa neno hilo ulionekana huko Kotido, Karamoja, mwezi Machi 2002. Askari wawili walishtakiwa mbele ya mahakama ya namna hiyo kwa kumwua kasisi Declan O'Toole wa Ireland na watu wawili aliofuatana nao. Walihukumiwa, na siku ile ile wakapigwa risasi.

Kuchelewa nako kuna ubaya wake. Tarehe 21 Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mtu aliyehukumiwa kifo asikae zaidi ya miaka mitatu, tangu hukumu yake ithibitishwe na mahakama ya mwisho, bila rehema kuamuliwa. Miaka hiyo ikipita, adhabu yake hugeuka kuwa kifungo cha maisha. Kumweka mtu miaka mingi akingoja kitanzi ni ukatili.

Wajumbe wa Kamati hawakuwapo siku ya kosa. Hutegemea taarifa ya jaji na maandishi mengine ya kesi, na chanzo cha mengi ya maandishi hayo ni daftari la konstebo, maelezo ya mpelelezi na kumbukumbu za askari magereza. Konstebo akiandika uongo, au akiacha jambo lililomfaa mshtakiwa, hata mjumbe mwadilifu kuliko wote atapotoka. Kwa hiyo askari anayeandika ukweli, hata juu ya mtu anayemchukia, ameanza kazi ambayo Kamati itaimaliza.