Wagonjwa Wangapi, Wapi na Lini? Kupima Hatari ya Ugonjwa kwa Mahali na Wakati

Mtahiniwa, chukulia umepewa taarifa hii kwenye mtihani: Mji A umepata wagonjwa 150 wa kipindupindu, na Kijiji B kimepata wagonjwa 4. Swali linakutaka ueleze ni wapi penye hatari kubwa zaidi. Wengi huandika haraka, "Mji A." Hapo ndipo alama hupotea, kwa sababu idadi ya wagonjwa peke yake haipimi hatari. Kabla hujajibu, jiulize maswali matatu: Ni kati ya watu wangapi? Ni wapi hasa? Ni lini? Mada hii inakufundisha kuyajibu.

1. Ni kati ya watu wangapi?

Hatari hupimwa kwa kiwango, si kwa idadi. Kanuni ni hii:

Kiwango = (wagonjwa ÷ watu wote wa eneo hilo) × 1,000

Tuseme Mji A una watu 50,000 na Kijiji B kina watu 400.

Mji A: 150 ÷ 50,000 × 1,000 = wagonjwa 3 kwa kila watu 1,000.
Kijiji B: 4 ÷ 400 × 1,000 = wagonjwa 10 kwa kila watu 1,000.

Kwa hesabu hii, kiwango cha Kijiji B ni zaidi ya mara tatu ya kile cha Mji A.

Hata hivyo, usiishie hapo. Kijijini akiongezeka mgonjwa mmoja tu, kiwango kinaruka kutoka 10 hadi 12.5. Mjini akiongezeka mmoja, kiwango hakibadiliki kwa namna ya kuonekana. Kwa hiyo kiwango cha mahali penye watu wachache huyumba sana kwa bahati tu. Wataalamu wa takwimu hutatua jambo hili kwa kuangalia majirani. Vijiji vilivyo karibu mara nyingi huchota maji mto mmoja, hupata mvua ileile na hukutana mnada mmoja, hivyo hatari zao hufanana. Kiwango cha Kijiji B basi husogezwa kuelekea wastani wa vijiji vinavyokizunguka. Kadiri kijiji kilivyo na watu wachache, ndivyo kinavyosogezwa zaidi.

2. Ni wapi hasa?

Mfano maarufu unatoka mtaa wa Soho, London, nchini Uingereza. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka huko na kuua watu zaidi ya 600. Wakati huo wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alifuatilia nyumba zilizofiwa, akaona kwamba vifo vingi vimezunguka pampu moja ya maji katika Broad Street. Baadaye alivionyesha vifo hivyo kwenye ramani.

Hoja yake ilipata nguvu zaidi pale ambapo watu walikuwa karibu na pampu lakini hawakufa. Nyumba ya kutunzia maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na watu 535, na ni 5 tu waliofariki. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha pombe kilichokuwa mtaani hapo, wafanyakazi zaidi ya 70 hawakufa kwa kipindupindu, kwa kuwa walikunywa pombe yao na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hewa waliyovuta ilikuwa ileile. Maji ndiyo yalikuwa tofauti.

Tarehe 8 Septemba 1854 mkono wa pampu uliondolewa. Zingatia jambo ambalo watahiniwa wengi hulisahau: kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimeanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Ukitazama ramani bila tarehe, utadhani kuondoa mkono wa pampu ndiko kulikokomesha mlipuko. Ndiyo maana mahali peke yake hapatoshi.

3. Ni lini?

Mfano wa karibu nasi ni Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa Kenya mwaka 1931. Ugonjwa huu hushambulia ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, ukawafanya watupe mimba na kuua ndama na wana-kondoo. Binadamu huupata hasa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, kwa mfano wakati wa kuchinja, na pia kwa kuumwa na mbu.

Ugonjwa huu una msimu wake, na sababu inaeleweka. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa sehemu za bondeni zinazotuamisha maji. Baadhi ya mayai hayo huwa tayari na virusi, na yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka. Mvua kubwa ikifurika mabonde hayo, mayai huanguliwa na mbu huanza kuuma mifugo. Baadaye mbu wa aina nyingine huzaliana kwenye maji hayo na kuusambaza ugonjwa.

Kwa kuwa mlolongo huu huanza na mvua, unaweza kutabiriwa. Mwaka 2006 wanasayansi waliona kwamba joto la maji ya Pasifiki na ya magharibi mwa Bahari ya Hindi limepanda, dalili ya mvua nyingi Afrika Mashariki. Picha za setilaiti zilionyesha pia nyika zikigeuka kijani kuliko kawaida. Walichora ramani ya maeneo yenye hatari, na onyo lilitolewa takriban wiki 2 hadi 6 kabla ya ugonjwa kuonekana. Desemba 2006 wagonjwa walijitokeza eneo la Garissa, Kenya, kisha Somalia, na mwanzoni mwa 2007 Tanzania.

4. Kuunganisha mahali na wakati

Modeli ya kitakwimu ya mahali na wakati hujumlisha yote uliyosoma hapo juu. Kwa maneno rahisi:

Hatari ya eneo mwezi huu = wastani wa kawaida + hali ya eneo (udongo, mwinuko, maji) + hali ya majirani + hali ya miezi iliyopita + mvua na joto + bahati.

5. Kwa nini siku ni muhimu?

Chanjo ya mifugo ipo, lakini hufaa ikitolewa kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano inayotumiwa kwa mnyama mmoja baada ya mwingine inaweza kuueneza. Wiki 2 zinaweza kutosha kuonya wachinjaji na kufunga minada, lakini ni chache mno kuagiza chanjo, kuisafirisha na kuchanja mifugo ya wilaya nzima. Kwa hiyo ramani nzuri iliyochelewa haiokoi ng'ombe wala mchungaji.

Makosa ya kuepuka

(a) Kulinganisha idadi badala ya viwango.
(b) Kuamini kiwango cha eneo dogo bila kuangalia majirani.
(c) Kusema kwamba jambo moja limesababisha jingine kwa sababu tu limetangulia.
(d) Kudhani kwamba mahali pasipo na taarifa hapana ugonjwa. Huenda hapana zahanati.

Jipime

Katika mlipuko wa 2006–2007, Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155. Tanzania iliripoti wagonjwa 264 na vifo 109.
(i) Tafuta asilimia ya wagonjwa waliofariki katika kila nchi.
(ii) Je, takwimu hizi zinathibitisha kwamba virusi vilikuwa vikali zaidi Tanzania? Toa sababu.

Mwongozo wa majibu

(i) Kenya: 155 ÷ 684 × 100 = 22.7%. Tanzania: 109 ÷ 264 × 100 = 41.3%.
(ii) Hapana. Asilimia hutegemea pia ni wagonjwa gani waliohesabiwa. Wenye homa ndogo wasipofika hospitali, hawaingii kwenye orodha. Idadi ya wagonjwa hupungua na asilimia ya vifo hupanda, hata kama virusi ni vilevile. Mtahini anatafuta neno "waliohesabiwa" au maelezo yenye maana hiyo. Usiliache.