Kungfu siyo kuruka ukuta



Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mmoja aliruka kutoka juu ya ukuta wa darasa akipiga teke, kama alivyoona kwenye kibanda cha video. Akavunjika mkono wa kulia. Tulipokwenda kumpa pole akatuuliza: "Mwalimu, kwani wale Wachina walianzaje?" Tukaona tujibu hapa, na wengine wasome.

Wengi husimulia kwamba kungfu ililetwa na mtawa kutoka India, Bodhidharma, kwenye hekalu la Shaolin, jimbo la Henan. Hekalu ni la kweli, lilianzishwa mwaka 495. Lakini wataalamu wanasema hadithi ya mtawa huyo kufundisha mapigano ilitungwa baadaye sana. Wachina walikuwa na mieleka, mikuki na panga tangu zamani, maana vita vilikuwa vingi na wanavijiji walijilinda na majambazi. Mwaka 621 watawa wa Shaolin walimsaidia vitani Li Shimin, ambaye baadaye akawa mfalme. Jiwe lililochongwa habari hiyo bado lipo hekaluni.

Mitindo ni mingi mno. Wachina husema: kusini ngumi, kaskazini miguu. Kaskazini wanapenda hatua ndefu na mateke ya mbali. Kusini wanasimama imara, mikono inafanya kazi haraka. Wing Chun ni ya huko kusini, ndiyo Ip Man aliyomfundisha Bruce Lee kule Hong Kong. Tena kuna taijiquan, iliyotokea kijiji cha ukoo wa Chen, Henan. Hiyo wengi huifanya polepole, hata wazee, kwa ajili ya afya.

Sasa jamani, neno kungfu lenyewe maana yake ni ustadi unaopatikana kwa muda mrefu na kwa jasho. Hata mpishi hodari anaweza kusifiwa kuwa ana kungfu. Mwanafunzi huanza kwa kusimama tu, magoti yamekunjwa kama aliyepanda farasi, mpaka miguu inatetemeka. Kwenye video hayo hupitishwa haraka, na stelingi akiruka juu huwa amefungwa kamba tusiyoiona.

Wazazi, tusiwachape tu watoto, tuwaeleze. Kijana wetu sasa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Tumemwambia: hiyo ndiyo kungfu yako.